Kutua Bila Umeme

Fundi wa redio wa mtaa wa Kadutu alijiundia kibao cha rubani kwa mbao na swichi za redio zilizokufa, akakiunganisha na mchezo wa ndege kwenye kompyuta. Kila swichi huipuliza vumbi kwanza, ndipo aibonyeze kwa kidole gumba kilichoungua mara nyingi. Leo, ndege ikikaribia kutua, umeme ulikatika na kioo kikawa cheusi.

“Papa, courant imeenda. Kuja tukule,” mkewe Yolande akamwita.

“Ndege haiwezi simama mu hewa, maman.”

Vidole vikaendelea: taa, mabawa, magurudumu, bila kuruka swichi hata moja. Yolande, mwiko ungali mkononi, akajikuta ameketi nyuma yake na kukishikilia kiti kama abiria. Alikiachilia pale tu mumewe aliposema, “Sasa tumefika.”