Nafasi Iliyoongezeka Yenyewe

Studio ya picha niliyofanyia kazi Nachingwea, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, ilikuwa na kompyuta moja na jenereta moja. Petroli ikiisha, vyote viwili vilizimika kabla hujasema bismillahi. Ikiwashwa tena, kompyuta ilitaka kwanza ikague diski yake, kazi ya saa nzima na zaidi, ila ilikubali kuacha ukibonyeza kitufe chochote. Bosi wangu alikuwa na kauli yake: "Mafuta ni ya kuchapa picha, siyo ya kutazama namba." Basi nikawa nabonyeza, kila mara. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Wiki moja, diski iliyokuwa imejaa pomoni ikaonyesha ghafla kwamba ina nafasi tele. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi, nikaendelea kuhifadhi picha mpya.

Siku chache baadaye akaingia mama mmoja kutoka Mbekenyera, amejifunga khanga mbili, kavaa kandambili zilizojaa vumbi la njiani. Tulikuwa na desturi ya kwenda vijijini siku za mnada, kupiga picha, kuja kuzichapa mjini na kuzirudisha mnada unaofuata. Mnada wa mwisho tuliofika kwao bintiye alipigwa picha. Kabla hatujarudi, binti akafariki.

"Arobaini yake Ijumaa," alisema taratibu, akichagua maneno, maana Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwake. "Picha nyingine sina, mwanangu. Hata moja."

Nikampa pole, nikamkaribisha kwenye benchi. Jina la faili lilikuwepo. Nilipolifungua, kompyuta ikagoma. Nikajaribu mara ya pili na ya tatu, ikagoma vilevile. Kamera yenyewe ilikuwa Ruangwa na bosi, na kadi yake tulikwisha kuifuta.

Siku hiyo ndipo nilipouacha ukaguzi uende, kwa mara ya kwanza. Haukufika mbali ukasimama na kuniambia kwamba nafasi tupu iliyoandikwa si ya kweli. Nilielewa mara moja. Diski ina orodha yake ya sehemu zilizo wazi na sehemu zenye kitu. Kule kuzimika-zimika kulikuwa kumeivuruga orodha, kwa hiyo sehemu zenye picha za watu zilihesabiwa kuwa tupu, nami nikawa naandika juu yake. Nimekulia Lionja. Kwetu hata mtoto anajua kwamba shamba lililoota majani si pori, ukiona mikorosho ujue lina mwenyewe. Nami niliingia na jembe.

Kompyuta ikauliza: irekebishe? Mwalimu aliyetufundisha kompyuta Mtwara alituonya kwamba marekebisho nayo huandika kwenye diski, na yakikatika katikati yanaweza kumaliza hata kilichosalia. Nikazima kila kitu, nikajaza tangi la jenereta mpaka shingoni, nikawaambia wateja waje kesho. Mmoja alinitukana. Nilimrudishia tusi lake, kisha nikaona haya kwa sababu ya yule mama.

Nikawasha tena, nikakubali marekebisho. Asilimia kumi. Kumi na mbili. Nilikuwa nasikiliza jenereta zaidi kuliko nilivyotazama skrini, na kila ilipobadilisha sauti niliruka mlangoni. Ilipofika sitini ikakohoa, taa ikafifia, nikajikuta nimeishika kompyuta kwa mikono miwili, utadhani kuishika kungeisaidia. Ikakohoa tena, halafu ikatulia.

Ilipomaliza, nafasi tele ilikuwa imetoweka. Diski ilikuwa imejaa kama zamani. Safari hii picha ikafunguka. Kilemba cha njano, paji la uso, macho mawili yanayotaka kucheka. Kuanzia puani kwenda chini ilikuwa michirizi ya kijivu.

Mama akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya macho.

"Umeme umekula?"

Ningeitikia, angeamini. Mji mzima ungeamini. Nilitamani sana kuitikia.

"Hapana, mama. Ni mimi. Nilihifadhi picha nyingine juu yake."

"Ya nani?"

Ripoti ya ukaguzi ilikuwa imeyataja mafaili mawili yaliyogombea sehemu moja. La pili nililijua kwa jina. Nilitaka kumficha, lakini alikuwa amesimama pale pale, anasubiri, nikalifungua. Lilikuwa pazia letu jipya la studio, la buluu, lenye maporomoko ya maji. Nililipiga picha siku tulipolitundika, nikijaribu mwanga.

Mama akainama karibu na kioo, akalikagua pazia lote, kona hadi kona.

"Mtu mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama," nikamjibu.