Kiungio Kilichomgombanisha Kambare na Dada Yake

Saa mbili asubuhi, Kambare yumo kwenye tope la chini ya bahari. Juu, kwenye boti, mwenzake ameshika kamba. Ikivutwa mara moja, mambo shwari. Ikivutwa mfululizo, mtu atolewe haraka.

Huko chini hakuonekani kitu. Mzamiaji huyu, aliyebatizwa jina hilo na wenzake kwa kuzoea tope, anapapasa kwa vidole bomba linalopeleka majitaka ya mji mbali baharini. Anakagua tena mahali ambapo tetemeko la ardhi litalivunja likija.

Anaibuka, anavua barakoa, anatema mate.

"Palepale," anasema. "Mwamba unaishia pale, mchanga unaanzia pale. Ardhi ikitikisika, mwamba unashikilia, mchanga unakuwa uji. Bomba la watu liko katikati, lifanyeje? Linakatika kwenye kiungio."

Mpira wa kiungio hicho umekauka kama soli ya kiatu cha zamani. Kambare aliwaeleza wahandisi, nao wakapima, wakakubali: kiwekwe kingine kinachoweza kujipinda. Haya, vizuri. Ila kazi ikianza, ufukwe utafungwa msimu mzima wa waogeleaji.

Na ufukwe huo ndio anapokodishia maboya dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

"Aliniambia, 'Tetemeko lenyewe halijaja, wewe umeshanimwagia unga wangu!' Kweli nimemwaga."

Anakunja kamba polepole.

"Ningeweza kunyamaza. Lakini bomba likipasuka, uchafu wote unaishia pale wanapoogelea watoto, na yeye kasimama nao majini. Nikasema. Sasa hanisemeshi, na inaniuma, jamani. Inaniuma hasa."

Mpango wake? Anacheka kidogo. "Siku ufukwe ukifunguliwa, mteja wa kwanza mimi. Nitakodi boya, lile la bata, nielee mbele yake mpaka acheke."

Mzamiaji mzima na boya la bata!

Mwandishi wa makala haya anaufikisha ujumbe kibandani, ambako dada mtu anayatoa maboya upepo na kuyakunja. Anakunja moja, anakunja la pili. Anapolifikia lile la bata, la njano, analiweka kando bila kulitoa upepo.

"Mwambie lake hili hapa. Na bei ni ileile, hakuna cha undugu."

Anainama tena kwenye maboya yake, kisha anainua uso.

"Na huyo anayemshikia kamba, ni mtu makini?"