Nanyanyua vyuma kwa ajili ya mama, na mama bado yupo hai

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Huku Mikindani tunajuana hadi kikohozi, na mke wangu anaufuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, fundi cherehani, nina mke na binti mmoja. Nina dada mkubwa mmoja, ila mtoto wa kiume kwa mama yangu ni mimi peke yangu. Ninachoandika kitawachekesha wengine mwanzoni. Ninanyanyua vyuma. Si gym ya vioo, ni makopo mawili ya rangi niliyoyajaza saruji nikayaunganisha kwa bomba, pamoja na kiroba cha mchanga. Nikishasali alfajiri nipo uani, isipokuwa Ijumaa, na huu ni mwaka wa tatu. Mtaani wananitania, "Fundi, kifua hicho unamshonea nani?" Nacheka nao. Hawajui kwamba kinachoninyanyulisha ni woga.

Woga huu ulianza siku tuliyomzika baba, kijijini kwetu Mahurunga. Kwetu ndugu wa karibu ndio wanaoshuka kaburini kumpokea maiti, na mtoto wa kiume huna pa kujificha. Tulishuka watatu: baba mdogo, binamu yangu na mimi. Nilikuwa upande wa kichwa. Baba hakuwa mzito, maradhi yalishammaliza, lakini mikono yangu ilikuwa imezoea mkasi na sindano, tena tangu jana yake sikuwa nimetia kitu tumboni. Walipomteremsha mikono ikaanza kutetemeka, bega likalegea, baba akaniponyoka. Kichwa chake kikagonga chini. Ule mlio ninausikia mpaka leo. Baba mdogo akaninong'oneza, "Shika bwana, shika," tukamlaza kwenye mwanandani. Shuka lilikuwa limetandwa juu ya kaburi, kwa hiyo wengi hawakuona. Ila tulipokuwa tunanawa nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Mkono wa cherehani huo."

Tuliporudi nyumbani mama aliniuliza, "Baba yako mmemlaza vizuri?"

"Vizuri, mama."

Wanawake kwetu hawaendi makaburini, kwa hiyo alichokuwa nacho ni neno langu tu. Akanishika mkono, akasema, "Na mimi utanishusha wewe. Watu baki wasinishike." Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Arobaini ilipopita tu nikamimina saruji. Mama ni mwanamke wa mwili, na sasa ana presha na miguu inamvimba, nimemleta niishi naye hapa kwangu. Baba mdogo naye mgongo wake umekwisha. Kile kiroba nakichukua juu ya ukuta wa uani, nakishusha taratibu mpaka chini bila kukibwaga. Siku nikikibwaga, hata kushona sishoni vizuri, nafumua na kurudia kutwa nzima. Na kuna jambo naona aibu hata kuliandika. Mama akiongeza ugali, badala ya kushukuru kwamba anakula, kichwani mwangu nakadiria uzito wake. Najichukia kwa hilo.

Mke wangu yeye alihisi nyumba ndogo. Simlaumu, mwanaume kaoa, kazaa, ndiyo kwanza anajenga mwili, nani asingewaza? Mwezi uliopita alinibana: "Niambie tu huyo mwanamke anaitwa nani." Nikamwambia ukweli wote, mpaka baba alivyoniponyoka. Akaniangalia kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwake. Kesho yake akampigia dada.

Dada alikuja kutoka Msimbati siku hiyohiyo. Akanivuta pembeni uani, hakupaza sauti. "Mama anakula, anasali, anacheka na mjukuu wake. Wewe kila asubuhi unafanya mazoezi ya kumzika. Unamchuria mama, unasikia? Hiyo presha imempanda tangu ulipoanza na hayo makopo yako." Najua presha inapanda kwa sababu mama anaruka dawa. Lakini neno la uchuro likishakuingia halitoki. Nikayasukuma makopo nyuma ya choo, nikaacha.

Nilidhani nikiacha nitapumua, kumbe ndiyo nimejiongezea. Nikishika pasi naangalia kama mkono unatetemeka. Mama akikohoa chumbani mkasi unanidondoka. Nikinyanyua naogopa kwamba namwita mauti, nisiponyanyua naogopa siku ile itanikuta na mikono ileile. Hapo katikati hakuna pa kusimama.

Juzi asubuhi mama alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele. Akaniita.

"Mbona siku hizi sikuoni na makopo yako?"

"Kazi zimekuwa nyingi, mama. Nimechoka tu."

Hakuinua macho kwenye ungo. Akasema, "Usiache, mwanangu. Mimi si mwepesi kama baba yako."

Akaendelea kuchambua. Mimi nikaingia kwenye kibanda changu, nikakaa mbele ya cherehani bila hata kutunga uzi. Sijui kama ni dada aliyemwambia, au mke wangu, au amejua tangu siku ile ya mazishi na miaka yote hii ananitazama tu nikihangaika.

Jana nimeyarudisha makopo uani. Dada hajajua bado. Lakini sasa nataka nimpigie mama magoti, nimwambie kwamba baba sikumlaza vizuri, kwamba nilimdanganya. Naogopa. Presha yake ikipanda kwa neno langu, sitajisamehe. Na akiondoka kabla sijasema, nitamshusha vipi na uongo huu mdomoni?

Nimwambie, au ninyanyue na kunyamaza? Nishaurini, hasa nyinyi ambao mmeshawahi kushuka kaburini kumpokea mzazi wenu.