Mkono Juu ya Kikombe

Juzi tulikuwa kwenye benchi la kliniki hapa Katesh, mimi, mwanangu na mama mkwe wangu, mara mama mkwe akafungua kibuyu akammiminia mjukuu maziwa kikombeni.

"Mama, samahani, yamechemshwa hayo?" nikauliza, maana mtoto alikuwa ametoka kuharisha na roho yangu ilikuwa juu juu.

"Ya nini kuchemsha? Si yametoka kwa ng'ombe yakiwa ya moto?"

Benchi zima likacheka. Kumkatalia mama mkwe mbele za watu siwezi, lakini mkono wangu ukaenda wenyewe ukafunika kikombe.

Akautazama ule mkono. Nikangoja kusemwa.

"Unaogopa nini, binti yangu?"

"Naogopa ataharisha tena, Mama."

Akayarudisha maziwa kibuyuni, taratibu.

Wasomaji wenzangu mnaoogopa wakwe, mdomo ukishindwa jaribuni mkono. Leo asubuhi nimemkuta mama mkwe amechuchumaa jikoni, maziwa yamechemka mpaka yamefurika kwenye mafiga. Akayapooza, akamimina, akanigeukia.

"Haya, na leo utafunika?"

Nikamshikia mwanangu kikombe kwa mikono miwili.