Sanduku Nililovaa Usoni

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano. Ambaye hakuyala asiniambie habari za njaa. Yalikuja na lori la msaada, tukagawiwa mbele ya ofisi ya chifu, na ugali wake ulikuwa na rangi ya kupendeza na ladha ya gunia. Muthokoi, mahindi yetu meupe ya kutwangwa maganda yakatoka, tuliota tu. Kunde zilikauka zikiwa maua. Mabwawa nayo yalikauka, stima ikawa ya kugawiwa kama yale mahindi: leo upande huu wa mji, kesho ule.

Nataja stima kwa sababu ndiyo iliyotulisha. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kibanda chetu kilikuwa nyuma ya soko la Machakos, safu moja na mafundi wengine wa jua kali. Mageti, madirisha, vitanda vya shule za bweni. Stima ikirudi hakuna kupumua. Alichomelea mfululizo mpaka ikatike tena, na mimi nilimshikia chuma.

Usoni alivaa miwani ya jua, ile ya kuuzwa barabarani, ya vijana wa kuringa. Safu nzima walivaa hiyo. Wengine hawakuvaa chochote, walifumba jicho tu kijiti cha kuchomelea kikigusa chuma, kisha wakafumbua. Mwanamume alisifiwa kwa jinsi alivyoukodolea moto. Na miwani ile, nakuambia, ni mbaya kuliko kukosa. Jicho tupu linakimbia lenyewe. Jicho lenye miwani linadanganywa na kile kigiza, linakaa palepale likinywa moto.

Mimi nilikuwa mjinga zaidi. Nilidhani moto unamdhuru aliyeushika. Kwa hiyo niligeuza uso, nikafumba macho, nikaona wekundu ndani ya kope, nikasema basi, nimejikinga. Shavu la kushoto likabaki likitazamana na moto peke yake. Lilibabuka kama kiazi kitamu kilichochomwa jivuni, likaota ngozi, likababuka tena, na mpaka leo ni jeusi kuliko mwenzake. Wajukuu wanafikiri nilizaliwa hivyo.

Jioni ndipo macho ya mzee wangu yalipoanza. Machozi yanatiririka bila kilio, na yeye anasema kuna mchanga, nitolee mchanga. Nilitazama. Hapakuwa na mchanga. Dawa ya safu yetu ilikuwa kiazi kibichi: unakikata vipande vyembamba, unavibandika machoni. Vilipoza, sikatai. Kuponya havikuponya. Lakini mwaka ule kiazi kilikuwa chakula, si dawa. Vipande vikishapata joto nilivitoa machoni pake, nikaviosha, nikavitia kwenye sufuria na chumvi.

Mzee akatafuna, akasema, "Mama watoto, leo tumekula macho yangu."

Tulicheka. Ningejua nisingecheka.

Mahindi yetu meupe yaliporudi shambani, mume wangu hakuyaona. Aliyapapasa. Daktari wa macho alimmulika, akamulika tena. Akasema nyuma ya jicho kumeungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, na hapo hapana miwani wala kisu cha kupasaidia. Akauliza, "Ulikuwa unajikinga na nini, mzee?" Mzee akatoa miwani yake ya jua mfukoni, akampa. Daktari akaigeuzageuza, akamrudishia polepole, kama unavyomrudishia mtoto kichezeo chake kilichovunjika.

Nikasema nitachomelea mimi. Sikupita darasa la tatu, lakini chuma hakiulizi cheti. Mzee akauliza, "Lile sanduku lako bado liko chini ya kitanda?"

Lilikuwepo. Sanduku la kahawia, la ule ubao mwembamba mgumu kama ngozi, kona zake za bati. Baba yangu alininunulia nilipoolewa, nikaingia nalo katika boma hili likiwa na magauni mawili na shuka. Mzee alilikata. Kipofu, kwa mkasi wa bati, akifuata kidole chake mwenyewe. Akaliloweka maji likalegea, akalikunja, akaligonga ribiti. Mbele akaacha dirisha la kutia kioo cheusi, kile cheusi kabisa cha kazi, nilichoagizwa nikanunue kwenye duka la vyuma na nisikubali kingine. Juu ya kioo hicho akaweka kingine cheupe cha kupokea cheche. Mkanda wa kichwani ulikuwa mshipi wake wa suruali.

Kabla ya kukunja alinipima uso. Vidole vyake vilipita kwenye paji, pua, kidevu, taratibu kama mtu anayechagua papai. Vilipofika shavu la kushoto vilisimama.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Hapo ni pale nilipokushikia chuma."

Aliongeza upana wa sanduku upande huo, vidole viwili zaidi. Ukiliona leo utadhani limepinda. Halikupinda.

Akanifundisha. Shusha kwanza, ndipo uguse. Leso ya pamba shingoni, si nailoni, nailoni huyeyuka na ngozi yako. Mikono mirefu, vifungo mpaka juu. Ukishusha huoni kitu kabisa, ni giza la ndani ya gunia. Ukigusa, panawaka kitone cha kijani, ukubwa wa punje ya mahindi, na hiyo punje ndiyo dunia yako yote. Yeye alikaa kwenye debe nyuma yangu, kaupa mgongo moto, anasikiliza. Kazi nzuri inalia kama kitunguu kwenye mafuta. Mbaya inatemaatema.

"Umekimbia," alikuwa akisema nikiharakisha kijiti juu ya mshono. "Rudi."

Nami nilirudi.

Safu ilinicheka. Sisi Wakamba ni watu wa nyuki, kwa hiyo nikaitwa mrina asali.

"Susu!" wakaniita bibi, na nilikuwa bado sijapata mjukuu. "Susu, mzinga umeuvaa kichwani! Asali imeiva?"

"Imeiva," nikawajibu. "Leteni macho niwapake, naona yameshaanza kuwa mekundu."

Siku moja akaja mzee wa kanisa na bawaba ya geti, ana haraka, watu wanamngoja.

"Mama, shikiza tu hapa. Ni kufumba na kufumbua. Vua hiyo kitu, utaona vizuri."

Nikamwambia, "Sivui. Hili ndilo sanduku nililoolewa nalo."

Safu nzima ikaangua kicheko, lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa kwenye debe nyuma yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ndicho kicheko chake cha mwisho kikubwa ninachokikumbuka. Baadaye kifua kilimbana, msimu mmoja tu, tukamzika kwenye shamba aliloacha kuliona.

Watu walidhani nitafunga kibanda. Nilifungua siku ya nane.

Sasa nitasema jambo ambalo sikuwahi kuwaambia watoto. Ugumu haukuwa chuma. Ugumu ulikuwa kumaliza mshono, kuzima, na kungoja. Nilingoja mtu aseme umekimbia. Debe lilikuwa pale. Nilijua nimekimbia, mshono wenyewe ulinionyesha, na hakuna aliyesema. Nikawa najisemea mwenyewe ndani ya sanduku, kwa sauti, na sauti inanirudia puani. Wateja walikuja wakazungumza na kioo: mama, geti litaisha lini, mama, ongeza maua hapo juu. Walilipa, wakaenda. Kuna wiki ilipita kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi, na nikihesabu hakuna mtu aliyeniona uso. Nyumbani nilipika muthokoi ya watu wawili kwa mazoea, nikala ya mmoja, iliyobaki nikawapa kuku.

Binti yangu anakaa Syokimau, kwenye zile nyumba mpya za watu wa ofisi. Ana gari dogo, ana kazi ya kompyuta, na ana binti wa miaka mitano ambaye ndiye mjukuu wangu wa kwanza, na sisemi ni mzuri kwa kuwa ni wangu. Ni mzuri. Walikuja Jumamosi moja bila kusema. Stima ilikuwepo, nilikuwa ndani ya sanduku, na cha kwanza nilichosikia ni sauti ndogo.

Nilizima hapohapo. "Geukeni! Mfumbe macho huyo mtoto!" Moto ulikuwa umekufa tayari, lakini nilisimama kati yake na chuma.

Mtoto akasogea, akagonga kioo kwa kidole.

"Susu, ni wewe uko ndani?"

"Ni mimi."

"Toka basi."

Nikainua, nikatoka. Alinitazama mashavu yote mawili, akachagua jeusi, akalishika.

Kifungo cha gauni lake kilikuwa kinaning'inia. Nilichomoa sindano kwenye ukosi, nikatunga uzi mara moja, pale pale juani, nikamshonea. Binti yangu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwaitu," akaniita mama kwa lugha yetu, "wewe huhitaji miwani?"

"Anayechoma vyuma anaona uzi," nikamwambia. "Aliyekaa kivulini ofisini ndiye kipofu. Uliza baba yako alilipa nini ili nijue kujikinga."

Hakucheka. Nilimjua, amekuja na neno. Akalitoa. Nyumba ina chumba kimetandazwa vigae, kina dirisha na televisheni. Mtoto anahitaji bibi. Majirani wanauliza mama yako anafanya nini Machakos, na yeye anajibu anapumzika. Kibanda kiuzwe na vyombo vyake. "Uko na miaka hamsini na ngapi, Mwaitu? Utachoma mpaka lini? Uko peke yako. Ukianguka hapa, nani atajua?"

Kila neno lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

Nilimtazama mjukuu, amekalia debe la babu yake, miguu haifiki chini, anaimba kitu cha shule. Nilitaka kwenda. Niseme hivyo wazi. Nilitaka kuamka kila siku na kumfunga vifungo. Halafu nikajiona kwenye kile chumba cha vigae, nimeketi, natazama madirisha yaliyochomelewa vibaya na mtu mwingine, nikingoja watu warudi kutoka kazini. Huko ningekuwa mgeni wa heshima. Hapa mimi ni fundi. Na huko hakuna debe.

Binti yangu akafungua buti ya gari. Akatoa sanduku jipya, jeusi, la magurudumu, likavurumiza kokoto mpaka miguuni pangu. Liko chini ya kitanda mpaka leo, na halijawahi kubeba nguo.

"Nimekuletea la kupakia," akasema. "Twende leo."

Stima ilikuwa imekatika, safu yote kimya, wamenyamaza kutusikiliza. Hapakuwa na moto popote. Hata hivyo nilishusha langu usoni, polepole, mpaka kidevuni, na kule gizani nikaacha machozi yafanye yanavyotaka.

"Mwaitu, tafadhali. Vua hiyo kitu, tuongee."

"Sivui. Hili ndilo sanduku nililoolewa nalo."