Mwarobaini Ndani ya Asidi

Majirani walimwita Mama Majani, na mumewe hakuona ubaya, maana kila asubuhi mkewe alitoka na mfuko wa majani ya mwarobaini kuelekea maabara ya chuo alikofanya utafiti, vidole vimeingia rangi ya kijani isiyosikia sabuni. Alikuwa na sauti ya chini, hata akigomba. Mume alisafisha mabomba ya kiwandani kwa asidi, na dawa waliyochanganya humo ili asidi isile chuma ilikuwa imempa kikohozi cha kukata maneno. Mke hakukisemea sana kikohozi hicho. Alichemsha majani, akachuja, akamimina maji yake kwenye asidi, akatumbukiza vipande vya chuma, akavitoa vimeliwa, akaanza upya kama anayempikia mgonjwa asiyetaka kula.

Siku moja alimwita mumewe maabara, wanafunzi wakiwa kwenye meza za jirani. Mezani palikuwa na bilauri mbili za asidi, kila moja na kipande cha bomba. Ya kwanza ilitoa mapovu kama chungu kilichochemka. Ya pili, iliyotiwa maji ya majani, ilikuwa karibu imetulia. Alikitoa kipande cha pili kwa koleo, akakisuuza, akampa. Alama za msumeno zilionekana bado.

"Kumbe mwarobaini unatibu hata chuma!" mume akacheka. "Haya ni maradhi ya arobaini na moja. Hakijaguswa kabisa!"

"Kimeguswa kidogo," alimsahihisha. "Lakini msimamizi wenu amekubali tujaribu majani badala ya ile dawa, kwenye bomba moja kuukuu, Jumatatu."

Kisha mwanamke huyo, asiyezoea kumgusa mumewe mbele ya watu, akamwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo pumzi ikipanda na kushuka.