Yustina Niliyemwita Neema

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiifikiria mpaka leo uso unapata joto, na mimi sasa ni mtu mzima niliyestaafu. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya watu, hapa hapa Lipangalala, Ifakara, bahasha mapajani, furaha imenijaa mpaka siwezi kutulia kitini. Furaha ile ndiyo inayoniumiza zaidi.

Umeniandikia kwenye simu, "Shikamoo shangazi, nimepata vyuo viwili, nichague kipi?" Kimoja kimekupa nafasi ya shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni, kingine katika uchapishaji wa vitabu, na vyote vinataka jibu kabla ya Ijumaa, pamoja na kazi yako moja ndipo vikuthibitishe. Najua ungependa nikujibu kwa neno moja. Siwezi, Anjela. Kwanza nikuambie jambo ambalo hata baba yako, ndugu yangu wa tumbo moja, halijui lote.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilitaka kuitwa mwandishi. Sikusema nilitaka kuandika, angalia hapo. Nilitaka kuitwa. Nilikuwa na hadithi zangu fupi kama kumi, na kila mwalimu mwenzangu aliyekaa karibu nami wakati wa chai alikuwa ameshasomewa angalau mbili. Walikuwa watu wema, walisikiliza, kisha wakaanza kunywa chai haraka.

Ndipo nikakutana na Mzee Damasi. Alikuwa ametumikia miaka mingi kule Kidatu, karani wa kupima miwa kwenye mashamba ya sukari, na alipostaafu akarudi kijijini kwao, Mbingu, kulima mpunga. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo akaja kukaa kwa binti yake Veronika, muuguzi, jirani yangu hapa Lipangalala, akisubiri kutibiwa. Alikuja na madaftari manne ndani ya mfuko wa mchele. Alikuwa ameandika maisha ya mama yake, Bi Apolonia, mkunga aliyetoka upande wa Mahenge kwa miguu, akavuka mto, akazalisha nusu ya watu wa Mbingu.

"Mwalimu," Veronika aliniambia, "baba hawezi tena kusoma alichoandika mwenyewe. Mimi zamu zinanibana. Ungemsaidia, hata Jumamosi tu."

Nikawa naenda kila Jumamosi asubuhi, na madaftari akaniachia nikae nayo. Ninamsomea, ninanyoosha sentensi, ninamuuliza maswali. Mto ulikuwa na rangi gani siku hiyo? Mama alikuwa amevaa nini? Kwa nini hapa umeruka miaka mitano? Yule mzee alikuwa akicheka, anapiga goti, anasema, "Binti yangu, hapo umenishika!" Kisha anakumbuka, anasimulia, na mimi naandika. Mwanangu, sijawahi kufanya kazi yoyote kwa raha kama ile. Saa tatu zilikuwa zinapita kama dakika. Lakini mimi niliiona ni msaada tu, kama kumsomea mtu barua yake. Kazi yangu ya kweli, nilijiambia, ni zile hadithi kumi.

Katika daftari la tatu kulikuwa na sura moja ambayo niliisoma nikashindwa kuendelea. Ilikuwa ya mafuriko. Bi Apolonia aliitwa shambani kwa sababu mdogo wake, Yustina, alikuwa amezingirwa na maji na uchungu umemshika. Alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti ambacho watu hukaa kufukuza ndege kwenye mpunga. Apolonia aliingia kwenye maji mpaka kifuani, akapanda, akamzalisha ndugu yake huku miti inatikisika. Alikata kanga kwa meno, akafunga kitovu. Mtoto akalia. Yustina hakuamka. Apolonia akashuka na mtoto kichwani, na kabla mtumbwi wa kuwachukua haujafika, dungu likaanguka, maji yakaondoka na Yustina. Hakupatikana.

"Na yule mtoto alikwenda wapi, Mzee?" niliuliza.

"Tutafika," alisema. Akaomba tupumzike siku hiyo.

Basi chuo kimoja kikatangaza nafasi za uzamili. Fomu ilikuwa na sehemu mbili za kuchagua, uandishi wa kubuni na uchapishaji, kama hizi zako. Uchapishaji sikuuangalia hata mara mbili. Nikafikiri ni habari za karatasi na wino. Nikaweka alama kwenye uandishi. Walitaka kurasa ishirini za kazi ya mwombaji mwenyewe. Nikatoa hadithi zangu kumi, nikazisoma usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza nikazisikia walivyozisikia walimu wenzangu. Zilikuwa zimekufa. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Daftari la tatu lilikuwa mezani kwangu.

Nilijiambia nitaazima tu. Nilijiambia nimeshalirekebisha sana, ni kama langu. Yustina nikamwita Neema. Bonde la Kilombero nikalihamishia pwani, mahali ambapo nilikuwa nimefika mara moja tu kwa harusi, kwa sababu niliona watu wa vyuoni wanapenda bahari. Mpunga nikaufanya minazi. Sikujiuliza hata mtu anakaa kwenye kichanja kufukuza nini kwenye minazi. Nikaandika jina langu juu, kwa herufi kubwa.

Wakanipokea. Nilisomea barua yao kwenye duka la intaneti pale mjini, nikaichapisha nakala tatu. Walisema sura ile imewagusa na kwamba wanaona sauti mpya. Mkuu wa shule akanisimamisha mstarini mbele ya wanafunzi wote, wakanipigia makofi. Mimi nikainama kama mtu mnyenyekevu. Unaona? Hakuna aliyenilazimisha kuinama vile.

Na Jumamosi hiyo nikaenda kwa Mzee Damasi na bahasha yenye barua na ile sura. Mpaka leo najiuliza nilikuwa nafikiri nini. Nadhani nilikuwa nimejidanganya vizuri kiasi kwamba nilisahau. Nilitaka na yeye anipongeze. Akanipongeza kweli. Alinishika mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwambia Veronika achinje kuku.

"Hebu nisomee hicho walichokipenda," akasema. "Nami nisikie."

Hapo ndipo nilipozinduka. Nikasema koo linaniuma. Nikasema ni refu, tutasoma siku nyingine.

"Nipe mimi nimsomee baba," akasema Veronika, akaichukua bahasha mapajani pangu huku anafuta mikono. Ningeweza kuizuia. Sikuizuia, kwa sababu kuizuia kungenifichua.

Akaanza kusoma, kwa furaha, kama mtu anayesoma shairi kanisani. Minazi, bahari, Neema. Mzee anatikisa kichwa kwa heshima. Kisha likaja lile la mwanamke aliyeingia kwenye maji mpaka kifuani. Nikaona kichwa cha mzee kimesimama. Ikaja kanga iliyokatwa kwa meno. Veronika akamwona, akapunguza sauti, akanitazama, akatazama karatasi.

"Endelea," mzee akasema.

Akasoma mpaka mwisho. Sikumbuki tena kusikia kuku wala watoto wala mtu barabarani, ingawa lazima walikuwepo.

"Umemwita nani?" Mzee Damasi aliuliza.

"Neema," nikasema.

"Kwa nini?"

Na mimi, mwanangu, badala ya kupiga magoti, nikajitetea. Hili ndilo nilitaka ulijue, maana la wizi peke yake ungeweza kulikisia. Nilisema, "Mzee, nimerekebisha sana. Sentensi nyingi humo ni zangu."

Hakupandisha sauti. Alisema taratibu, kama anayetafuta kitu gizani. "Sentensi chukua. Hata zangu chukua, mimi ni karani, sina maneno. Lakini yule mtoto uliyeniuliza alikwenda wapi, ni mimi. Yule wa kwenye dungu ndiye mama yangu aliyenizaa. Hana kaburi. Hana picha. Hana hata cheti cha ubatizo kilichobaki. Nimeandika jina lake mahali pamoja tu duniani, nikakukabidhi wewe. Na wewe umelitoa."

Veronika alikaa chini, pale pale sakafuni. Miaka yote alijua Bi Apolonia ndiye bibi yake mzaa baba. "Baba," alisema, "hukuwahi kutuambia."

"Nilitaka mlisome," akasema. "Kuna mambo mdomo unakataa."

Kisha akaniomba nikamletee madaftari yake. Nikaenda nyumbani, nikayaleta. Alipokea mfuko, akayahesabu kwa vidole, manne, akasema asante. Hiyo asante niliisikia kwa miezi.

Ilinichukua siku tisa kuandika barua kwa chuo. Niliandika kwamba sura ile siyo yangu, nikaeleza ya nani. Wakajibu kwa mistari mitatu: nafasi imefutwa. Kisha nikamweleza mkuu wa shule, naye akaniuliza, "Sasa wanafunzi tuwaambieje?" Nikamwambia awaambie ukweli. Hakuweza, akaniachia mwenyewe. Nikasimama mstarini pale pale, nikasema. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Wanafunzi walinitazama tu, na nilipoingia darasani kufundisha insha, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza kwa adabu kabisa kama mtu anaweza kupewa alama kwa insha aliyoandikiwa. Nikamjibu hapana. Nikaendelea kuandika ubaoni, nimewapa mgongo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mzee alikuwa amesharudi Mbingu. Nikapanda basi la Mlimba nikamfuata. Nilimkuta amekaa pembeni ya shamba, wajukuu wa ndugu zake wanavuna. Nikamwamkia, nikasema yote niliyopaswa kusema siku ile, bila neno "lakini". Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. Basi. Hakusema amenisamehe. Akaagiza nipewe maji ya kunywa, nikanywa, nikarudi Ifakara.

Mavuno yalipita, vuli ikaja. Siku moja Veronika akaingia kwangu na ule mfuko wa mchele. Hakukaa. "Baba amerudi kwangu, macho hayakupona, haoni tena kabisa," alisema. "Anasema wewe ndiye unayejua kuuliza. Umalizie. Ila kila ukurasa ukimaliza, naupitia mimi kabla haujafika kwake."

"Sawa," nikasema.

"Mimi nilikataa," akaongeza. "Ujue hilo."

Tulifanya kazi karibu mwaka mzima hivyo, mimi nikiandika, Veronika akikagua kila mstari, kama daktari anayekagua kidonda. Mwaka uliofuata nikaomba tena chuo, kingine, safari hii uchapishaji. Sikupeleka hadithi yoyote. Nilipeleka, kwa ruhusa ya mzee, orodha ya maswali niliyomuuliza na maelezo ya kilichotokea baina yetu, pamoja na uovu wangu. Nilidhani watanitupa. Walinipokea, na kule nikajifunza kazi niliyoifanya maisha yangu yote: kukaa nyuma ya kitabu cha mtu na kuhakikisha kinatoka kikiwa chake.

Kitabu cha Mzee Damasi kilitoka, kidogo, cha jalada la kijani. Veronika alimsomea. Alipofika kwenye dungu, mzee alimwambia arudie jina, naye akarudia, Yustina, mara tatu au nne. Mimi nilikuwa mlangoni. Kabla ya ile Jumamosi ya bahasha alikuwa akiniita binti yangu. Baada yake aliniita Mwalimu, kwa heshima, mpaka alipofariki. Sikuwahi kulilalamikia. Ila nilikuwa nalisikia kila mara.

Sasa nikujibu, Anjela. Usichague kozi kwa jinsi jina lake litakavyosikika siku ya kutambulishwa ukumbini. Jiulize ni kazi gani unaifanya hata pale ambapo hakuna aliyekutuma, ukasahau kula. Kama unakaa na watu wako wa kubuni mpaka wanakujibu, nenda kaandike, na usiogope uchanga wa maneno yako. Kama raha yako ni kuichukua kazi ya mwenzako na kuiona inasimama, nenda kachapishe, na usiruhusu mtu akuambie umechagua cha pili. Watafute waliosoma kozi hizo kabla yako, waulize wanafanya nini sasa. Uliza kama wanaofundisha wamewahi kufanya kazi hiyo wenyewe. Hayo utayafanya kwa siku mbili, na Ijumaa bado.

Lakini kozi yoyote utakayoichagua, hakikisha unachokituma kimetoka kwako. Ile hadithi uliyonitumia ukaniomba "niinyanyue kidogo" kabla hujawapelekea, nimeisoma. Sitaigusa. Nitakuuliza maswali, na majibu utayaandika wewe. Wala usiipe simu ikuandikie, najua siku hizi inaweza. Heri wakukatae ukiwa wewe kuliko wakupokee ukiwa mtu mwingine, maana huyo mwingine itabidi umbebe, na mimi nakuambia ni mzito.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usijitetee. Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye karatasi. La pili nililitamka kwa mdomo wangu mbele ya mzee asiyeona vizuri, na hilo ndilo ningetoa chochote kulirudisha.

Mungu akupe maneno yako mwenyewe, mwanangu, hata yakiwa machache. Akupe macho ya kuona jina la mtu kwenye karatasi na kujua kuna mtu. Akulinde na makofi usiyoyastahili. Na siku utakapoweka jina lako juu ya kazi yako, mkono wako uwe mwepesi, na usingizi wako usiku huo uwe mzuri. Amina.